Banda Mlangoni mwa Ukumbi: Kisa cha Kampuni Changa na Mkutano Mkuu wa Chama

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi maboksi matatu ya fulana yalikuwa juu ya lami nje ya geti la ukumbi, na kijana wa mauzo amekalia moja akipiga simu isiyopokelewa. Mlinzi wa chama hakuwa na neno baya. Alifungua boksi, akatoa fulana moja, akaikunjua, akaitazama mbele na nyuma, kisha akaikunja upya vizuri kuliko ilivyotoka kiwandani.

"Hizi haziingii, kaka."

"Kwa nini, mkuu? Tumelipia."

"Rangi."

Rangi yenyewe sitaitaja, maana hapa kwetu ukitaja rangi umeshataja chama. Itoshe kusema kwamba rangi ya kampuni ile ilikuwa pacha wa rangi ya mahasimu wa chama kilichokuwa kinakutana ndani. Waliichagua miaka minne nyuma kwa sababu inasomeka vizuri kwenye kioo cha simu ukiwa juani. Fulana 300, kofia 100, mabango mawili ya kukunjua, vyote vya rangi hiyo. Aliyeidhinisha ni mkurugenzi, aliyesimamia uchapaji ni kijana wa mauzo, na aliyewashauri waende kwenye mkutano ni mimi. Kati yetu watatu hakuna aliyeiwaza rangi hata dakika moja, ingawa wote tumezaliwa na kukulia mjini hapa na tunajua fika kwamba msimu wa siasa ukifika mtu hutazama kabati lake kabla ya kutoka.

Nakiandika kisa hiki kwa sababu nimeulizwa mara tatu mwaka huu, na kampuni tatu tofauti za vijana, kama inafaa kuweka banda kwenye mkutano mkuu wa chama cha siasa. Majina nimeyaacha. Chama hakina kosa kubwa kuliko letu, na kampuni bado inahangaika kulipa kodi ya pango pale Kijitonyama.

Kampuni yenyewe ina watu tisa. Wanatengeneza programu ya kuendesha vikundi vya kuweka na kukopa: daftari la wanachama, michango, riba, faini ya anayechelewa, vyote kwenye simu. Wana vikundi vya Tandika, Mbagala na Gongo la Mboto, na vichache vya mikoani. Kilichokuwa kinawakaba ni leseni. Ili fedha zipite mikononi mwao wenyewe badala ya kupitia mgongo wa kampuni kubwa, wanaingia chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 na usimamizi wa Benki Kuu, na masharti ya mtaji si ya kampuni ya watu tisa. Mkurugenzi, dada mmoja mkali wa hesabu, alikuwa na hoja nzuri: daraja la chini la leseni kwa wanaohudumia vikundi vidogo, lenye ukomo wa kiasi cha fedha. Aliiandika kurasa sita, akaisambaza kila mahali. Hakuna aliyemjibu.

Ndipo nikaingia mimi na habari zangu za Liverpool.

Oktoba 2023 nilibahatika kuhudhuria mkutano wa mwaka wa chama cha Labour cha Uingereza, mwaka ule mwandamanaji alipopanda jukwaani akamwagia kiongozi wa chama, Keir Starmer, unga wa kumetameta mabegani. Wengi wanakumbuka ule unga. Mimi nilichorudi nacho ni pembeni. Mkutano ulikwenda siku nne, tarehe 8 hadi 11, ukumbini kando ya mto Mersey, na kuuzunguka ukumbi na kwenye hoteli za jirani kulikuwa na vikao vidogo vidogo kutwa nzima, asubuhi mpaka usiku. Hiki cha afya, hiki cha nyumba, hiki cha akili mnemba. Chama cha kampuni za teknolojia cha kule, techUK, huandaa vikao vyake pembeni ya mikutano ya vyama vikubwa, wale wanaotawala na wale wanaosubiri. Kampuni hulipia chumba, vitafunwa na mabango. Mbunge au waziri kivuli, yaani msemaji wa upinzani kwa wizara fulani, huja kuketi mezani na mtu wa kampuni, wanaulizana maswali saa nzima, kisha wanatoka wakiendelea kuongea koridoni. Pale koridoni ndipo shughuli ilipo. Nilimwona mama mmoja wa kampuni ya usalama wa mitandao amemngoja mbunge nje ya mlango wa chumba kwa dakika arobaini, sandwichi mkononi, na alipompata alimaliza hoja yake kabla hawajafika kwenye ngazi.

Nikamweleza mkurugenzi haya yote huku tunakunywa chai ya tangawizi kwenye kibanda nyuma ya ofisi yao. Wiki mbili baadaye akanipigia: kuna chama kinafanya mkutano mkuu hapa Dar, kampuni ya matukio imewaletea barua, kuna nafasi za wadhamini. Nikasema nendeni. Nilisema hivyo kwa kujiamini kabisa.

Barua ilikuwa na madaraja matatu, dhahabu, fedha na shaba. Wao walichukua la fedha, shilingi milioni 6. Kwa kiasi hicho walipata banda la mita tatu kwa tatu karibu na mlango mkuu, nembo kwenye skrini, na "jukwaa la teknolojia na vijana" la saa moja, saa kumi na moja jioni ya siku ya kwanza, ambalo kiongozi mmoja wa sekretarieti angelifungua. Ongeza uchapaji, pawa benki 40 za kugawa, vitafunwa vya watu 150, usafiri na posho za vijana sita kwa siku mbili. Jumla ilikaribia milioni 15. Kwa kampuni ile hiyo ni mishahara ya mwezi na zaidi.

Dada wa fedha ndiye aliyekuwa wa kwanza kushtuka, na nasikitika kwamba hatukumsikiliza. Akaunti iliyoandikwa kwenye barua ilikuwa ya kampuni ya matukio, si ya chama. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, haikuja. Ilikuja stakabadhi ya kuandikwa kwa mkono. Akauliza swali fupi: "Hii naiweka kwenye matangazo au kwenye michango?" Mkurugenzi akamjibu weka matangazo, tutaongea. Swali likafia hapo.

Lakini lile ndilo swali la kisa kizima, nalo si la mhasibu peke yake. Waingereza wamelijibu kisheria. Kodi ya banda kwenye mkutano wa chama haihesabiwi kuwa mchango wa kisiasa mradi isivuke kiwango cha juu kinachopangwa na Tume yao ya Uchaguzi. Kinachozidi hapo kinaanza kutazamwa kama mchango, na mchango una masharti yake ya kutangazwa. Afrika Kusini walipoanza kutumia sheria yao ya fedha za vyama, tarehe 1 Aprili 2021, mchango uliozidi randi 100,000 kwa mwaka kutoka kwa mtu mmoja au kampuni moja ulitakiwa kutangazwa hadharani. Kwetu, Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 inaviruhusu vyama kupokea ada, michango ya hiari, mapato ya miradi na ruzuku, na hesabu zao hukaguliwa na CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali. Kwa hiyo siku moja mkaguzi anaweza kufungua kitabu akakuta milioni 6 za banda, au asizikute kabisa. Kwa kampuni inayoomba leseni Benki Kuu, sijui lipi kati ya hayo mawili ni baya zaidi. Ukiulizwa "mlichangia chama?" unataka uwe na karatasi inayosema hapana, tulipanga eneo la mita tisa za mraba kwa siku mbili kwa bei hii, na risiti hii hapa. Wao walikuwa na karatasi inayosema "Imepokelewa kwa shukrani".

Turudi getini.

Fulana hazikuingia. Kofia hazikuingia. Bango moja liliingia baada ya kijana kununua kitambaa cheupe mahali na kulifunika robo tatu, likabaki jina la kampuni peke yake, kama tangazo la msiba. Pawa benki ziliingia kwa sababu zilikuwa nyeusi.

Na hizo nyeusi ndizo zilizoleta balaa kuliko fulana.

Mkutano mkuu ule ulikuwa na uchaguzi wa ndani, na nafasi moja ya juu ilikuwa na wagombea wawili wenye kambi zao. Mtu yeyote aliyepita karibu na mikutano ya vyama vyetu anajua saa zile za asubuhi kabla ya kura: watu wanazungumza kwa mafungu, mazungumzo yanakatika ukipita, kila mwenye begi anatazamwa begi. Katika hewa hiyo vijana wetu wakaanza kugawa zawadi. Akaja bwana mmoja mwenye suti, mchangamfu, akaomba pawa benki 15 "za wajumbe wa kanda yetu, wako mbali kule nyuma". Kijana akampa, tena akamshukuru kwa kumsaidia kazi. Bwana yule akaenda kuzigawa kwa jina la mgombea wake.

Kufika saa sita mchana kambi ya pili ilikuwa na hadithi kamili: kuna kampuni imeletwa na fulani, imemwaga fedha, zile betri ni takrima. Neno hilo lina historia yake. Lilikuwamo katika sheria yetu ya uchaguzi tangu mwaka 2000, likiruhusu mgombea kuonyesha "ukarimu" kwa wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipolifuta mwaka 2006. Sheria imekufa, neno limebaki, na kwenye mkutano wa chama likitamkwa linanuka vilevile. Vijana wetu wakaitwa kwenye chumba kimoja chenye kiyoyozi kikali. Watu watatu mezani, chai hawakupewa.

"Nyie mmetumwa na nani?"

"Hatujatumwa, mzee. Sisi ni kampuni ya teknolojia."

"Kampuni ya teknolojia inagawa betri kwa wajumbe saa nne kabla ya kura. Halafu hujatumwa."

Walikaa mle dakika hamsini. Pawa benki zilizobaki zilichukuliwa, na hazikurudi. Nilipofika mimi, mbio, nikiwa nimeacha bajaji kwenye foleni na kumalizia kwa miguu, nilimkuta kijana wa mauzo amesimama kwenye banda lenye bango la sanda, macho mekundu, akijaribu kumweleza mjumbe mmoja kwamba betri zimekwisha.

Wamarekani wamehangaika na jambo hilihili. Kanuni za Bunge lao kuhusu zawadi zimezaa kile wenyewe wanachokiita kanuni ya kijiti cha meno: mbunge akila kitafunwa amesimama, cha kuchomwa kijiti, ni tafrija, akiketi na uma na kisu, ni mlo, na mlo ni zawadi. Inachekesha, lakini imechora mstari mahali. Na kampuni kubwa nazo hujichorea mstari wao. Mwaka 2016, mkutano wa chama cha Republican ulipokuwa Cleveland, Microsoft walitoa bidhaa na huduma badala ya fedha taslimu, Google wakabeba matangazo ya moja kwa moja ya mtandaoni, na Apple wakakataa kutoa chochote. Makampuni matatu, majibu matatu, na kila moja lilikuwa limekaa kikao kabla ya kujibu. Sisi kikao chetu kilikuwa chai ya tangawizi.

Zawadi ambayo isingeleta matata ilikuwepo, na ilikuwa rahisi: meza ya kuchajia simu. Soketi, nyaya za kila aina, viti sita. Simu ya mjumbe aliyesafiri usiku kucha kwa basi inakata roho saa tatu asubuhi, na anayekaa akisubiri chaji hana pa kwenda; atakusikiliza. Hakuna anayeweza kuondoka na umeme wako akaugawe kwa jina la mgombea.

Sasa hilo "jukwaa la teknolojia na vijana". Saa kumi na moja jioni ndani bado wanabishana juu ya akidi. Saa kumi na mbili wanapiga kura. Saa moja kura zinahesabiwa. Sambusa za watu 150 zimeshapoa, juisi imeanza kujitenga, maji juu, embe chini. Tulianza saa mbili na dakika kumi usiku. Nilihesabu watu kumi na mmoja, wanne kati yao wa kwetu, na wawili walikuwa wapiga picha wanaongoja matokeo. Mheshimiwa wa sekretarieti alikuja kweli, namshukuru, akasema dakika sita kwamba chama kinathamini vijana na teknolojia, simu yake ikaita, akatoka na hakurudi. Hoja ya leseni, zile kurasa sita, mkurugenzi aliisoma mbele ya viti vitupu. Aliisoma yote. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa pili na nilitamani sakafu inimeze.

Hapa ndipo kosa langu lilipo, na sitaki lifichwe nyuma ya fulana na betri. Nililinganisha vitu viwili kwa sababu vina jina moja. Mkutano wa mwaka wa chama cha Uingereza ni wa siku nne, hufanyika kila mwaka, na mambo mengi ya ukumbini yanajulikana mapema. Kwa hiyo wabunge wana muda wa kuzurura, na pembeni kunakuwa na uhai. Mkutano mkuu wa kwetu umejengwa kwa ajili ya kura. Tazama Januari 2025, ndani ya wiki moja. CCM walikutana Dodoma tarehe 18 na 19, na siku mbili zilitosha kupitisha mgombea wa urais na mgombea mwenza. Tarehe 21 CHADEMA wakaingia Mlimani City, wakakesha, na kulipopambazuka Tundu Lissu alikuwa ameshinda uenyekiti kwa kura 513 dhidi ya 482 za Freeman Mbowe. Usiku kama ule, nani atoke nje akasikilize habari ya daraja la chini la leseni ya malipo? Hata mimi nisingetoka.

Na ilani? Mkurugenzi alikuwa na matumaini ya sentensi moja kwenye ilani. Lakini ilani haipikwi mkutano mkuu, inapakuliwa pale. Ya CCM ya 2025 hadi 2030 ilizinduliwa Dodoma mwishoni mwa Mei 2025 ikiwa tayari imechapwa. Vyama vingine ni vivyo hivyo: kuna kamati, kuna rasimu, kuna watu wanne au watano wanaokaa na kompyuta miezi kadhaa kabla, na hao ndio wa kuwatafuta. Hawana banda. Mara nyingi hawana hata ofisi. Mmoja niliyekuja kumfahamu baadaye alikuwa anaandikia sura ya uchumi kwenye mgahawa mmoja Sinza, na angefurahi sana kuletewa kurasa sita zenye hesabu zilizonyooka, bila fulana.

Nilipotafakari zaidi nikakumbuka tozo za miamala ya simu za mwaka 2021, za shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala. Zilikuja kwa Sheria ya Fedha, kupitia bajeti. Wananchi walipopiga kelele zikapunguzwa mwaka uleule, zikapunguzwa tena, na baadaye zikaondolewa kwenye kutuma fedha. Hakuna banda la mkutano wa chama lililoingiza tozo wala lililoitoa. Ilikuwa wizara, kamati za Bunge na kelele za mtaani. Anayetaka kubadili sharti la leseni ana njia hiyohiyo: Benki Kuu kwanza, wizara, kisha kamati ya Bunge inapoita wadau kutoa maoni juu ya muswada. Vikao hivyo huwa Dodoma na tangazo lake hutoka siku chache kabla. Ni kazi ya kuchosha, haina picha nzuri za kuweka Instagram.

Usiku ule, hata hivyo, haukuisha bure. Watu walipokuwa wanakunja viti, mama mmoja wa makamo aliyefungwa kanga begani alibaki amekaa. Mjumbe kutoka Rukwa. Kijana wetu akamwendea na fomu.

"Shikamoo mama. Naomba upige picha hii alama hapa, inafungua fomu."

"Marahaba mwanangu. Hii yangu haina macho."

Akaitoa: kiswaswadu, kitufe cha namba tano kimefutika, mgongo umefungwa raba bendi. Kijana akacheka kwa aibu, mama naye akacheka. Kisha akaanza kusema. Ada za wanachama kwake zinakusanywa kwenye daftari la mistari. Katibu wa tawi anazunguka na baiskeli, anaandika jina na kiasi, mwisho wa mwezi fedha zinapanda bodaboda mpaka wilayani. Njiani, alisema mama, "zinapungua uzito". Kila mtu anajua, hakuna mwenye ushahidi. Akauliza kama ile programu yao inaweza kufanya kazi kwa kubonyeza nyota na reli kwenye simu ya kitufe, kama anavyotuma pesa. Haikuweza. Ilihitaji simu janja. Mkurugenzi akavuta kiti, akakaa mbele ya mama, na kwa dakika arobaini ukumbi ulikuwa na mkutano mmoja tu wa maana. Alijaza kurasa nne za daftari lake. Matarumbeta yalipolia ndani kutangaza mshindi, mama alinyanyua shingo, akasikiliza jina, akasema "haya", akaendelea na habari ya katibu na baiskeli.

Laiti kisa kingeishia hapo.

Mlangoni vijana walikuwa wamekusanya taarifa za watu kwa ile fomu: jina, namba ya simu, mkoa, wadhifa katika chama. Namba 212. Jumatatu kijana wa mauzo, akitaka kufidia aibu ya getini, aliziingiza kwenye mfumo wa ujumbe wa jumla na kutuma tangazo: "Habari mheshimiwa, asante kwa kututembelea…" Baada ya nusu saa simu ya ofisi ikaanza. Wajumbe wale walikuwa wametoka kwenye uchaguzi wenye majeraha. Ujumbe kutoka namba ngeni unaowataja kwa vyeo vyao ulisomeka kama orodha imevuja. Mmoja aliuliza, kwa sauti ya chini kuliko ilivyohitajika, "Namba zetu mmewauzia wale?"

Kisheria hapa hapakuwa na mjadala mrefu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya mwaka 2022, inatumika tangu 1 Mei 2023. Taarifa inayoonyesha mtazamo wa mtu wa kisiasa imo kwenye kundi la taarifa nyeti, na kuichakata kunahitaji ridhaa ya maandishi. Orodha ya watu waliohudhuria mkutano mkuu wa chama, yenye safu ya "wadhifa katika chama", haihitaji mwanasheria kuitambua. Fomu yetu haikuwa na mstari hata mmoja wa kumweleza mtu namba yake itatumika kwa nini. Na cheti cha kampuni cha kusajiliwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kilikuwa ukutani, kwenye fremu, juu ya kichwa cha kijana aliyebonyeza "tuma". Kilisajiliwa kwa ajili ya vikundi vya kuweka na kukopa.

Walifanya jambo moja sahihi, na walilifanya haraka. Siku hiyohiyo mkurugenzi alimpigia mwenyewe afisa wa chama, akakiri, akatuma ujumbe mmoja wa kuomba radhi, akafuta orodha mbele ya mtu aliyetumwa na chama kuja kushuhudia. Mtu huyo alikuja na mwanasheria, akanywa soda, akatazama skrini mpaka mwisho, akaomba na simu ya kijana ikaguliwe. Hakukuwa na kesi. Kulikuwa na barua moja kali, ambayo mkurugenzi ameitunza.

Mimi nilirudisha ada yangu ya ushauri, nusu. Aliipokea bila kubisha.

Fulana ziko stoo bado. Mlinzi wa jengo aliomba moja, akapewa, anaivaa ndani-nje.

Miezi michache iliyopita kampuni ileile ya matukio iliwaandikia tena; chama kingine, daraja la fedha limepanda kuwa milioni 8. Mkurugenzi alinipigia niwepo wakati anawajibu, akaweka simu kwa sauti ya nje. Aliuliza mambo matatu: fedha inaingia akaunti ya nani, risiti ya EFD ipo, na kamati ya ilani inakaa lini. Mtu wa upande wa pili alisema akaunti ni ya kwao, risiti watalifanyia kazi, na kuhusu kamati akanyamaza kidogo, akamuuliza mtu pembeni, akarudi: "Dada, hiyo nasikia imeshakaa."

Akamshukuru, akakata. Alikuwa na treni ya SGR ya Dodoma kesho yake, yeye na dada wa fedha, daraja la kawaida. Kurasa sita zilikuwa zimekuwa nne, na kwenye ukurasa wa kwanza alikuwa ameweka habari ya daftari la mistari na baiskeli, jina la mama halimo. Programu sasa inafanya kazi kwa nyota na reli.